Asili ya Jina la Msasani: Suala la Ushahidi katika Utafiti wa Majina ya Mahali

Makala haya yanahusu namna ya kuchunguza asili ya majina ya mahali. Mfano wetu mkuu ni Msasani, eneo la pwani katika Wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam. Utafiti wa aina hii hapa kwetu umeachiwa mno masimulizi: mtafiti humwendea mzee, humwuliza maana ya jina, huandika jibu, na kazi huhesabiwa imekwisha. Hatua hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi.

Kuhusu Msasani ziko hoja mbili. Ya kwanza, ambayo wanafunzi wangu huniletea karibu kila mwaka, hulihusisha jina na mtu aitwaye Musa Hasani. Ya pili hulichanganua kuwa msasa na kiambishi tamati -ni, yaani mahali penye msasa. Msasa ni mti wenye majani ya kukwaruza yaliyotumiwa kulainishia mbao. Karatasi ya mafundi seremala nayo huitwa msasa.

Mwanaisimu angependa kuitupa hoja ya kwanza upesi, lakini fonolojia haimruhusu. Mu- kuwa m- ni badiliko la kawaida katika Kiswahili, na kudondoka kwa h kati ya irabu si ajabu. Udhaifu wa hoja hii uko kwingine, katika desturi ya kutaja mahali. Jijini humu, mahali panapotajwa kwa jina la mtu aghalabu huchukua kwa: Tandale kwa Mtogole, Mwananyamala kwa Kopa, Kinondoni kwa Manyanya. Miti huchukua -ni: Mikocheni ni jirani, na ndani ya Kata ya Msasani yenyewe umo mtaa wa Mikoroshini. Msomaji aweza kuuliza mbona haikuwa Misasani. Twajibu kwamba mti mmoja unaojulikana na wote watosha kuwa alama ya mahali. Mnazi Mmoja ni shahidi. Kwa hiyo twaiegemea hoja ya pili, ingawa huo ni uzito wa mifano tu, si uthibitisho.

Tahadhari hii ina sababu. Asiyejua historia angeweza kukesha akitafuta mzizi wa Kibantu katika jina la Kariakoo, kumbe ni matamshi ya Kiswahili ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, waliokaa hapo baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Nairobi nayo ina eneo lenye jina la asili hiyohiyo. Hapo umbo la neno halikusaidia kitu. Historia ndiyo iliyoamua.

Waayalandi walikumbana na tatizo hili mapema. Kuanzia mwaka 1830, John O'Donovan aliajiriwa katika kazi ya upimaji wa ramani iliyoendeshwa na serikali ya Uingereza. Alizunguka parokia kwa parokia, akasikiliza wenyeji walivyoyatamka majina kwa Kiayalandi, akalinganisha na maandishi ya kale, ndipo akapendekeza tahajia. Hata hivyo, tahajia iliyochaguliwa ilikuwa ya Kiingereza, nayo ilificha mengi. Kil- mwanzoni mwa jina yaweza kutokana na cill, kanisa, au coill, msitu. Kildare ni Cill Dara, kanisa la mwaloni. Lakini ramani peke yake haimwambii msomaji hivyo.

Kwetu jambo hili si la maktaba tu. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya mwezi Agosti, mitaa na barabara nchini ziliandikwa majina kwa haraka katika kazi ya anwani za makazi. Kibao kikishasimikwa, tahajia yake huwa ndiyo jina. Msasani una mtaa uitwao Bonde la Mpunga. Jina hilo halihitaji mwanaisimu: mpunga hutaka maji, na bonde huyakusanya. Wakazi wake wayajua mafuriko. Likibadilishwa kwa jina la kupendeza zaidi, mnunuzi wa kiwanja atakosa onyo ambalo waliotangulia walimwachia bure.

Kwa hiyo atakayekwenda Msasani na daftari asianze kwa kuuliza maana ya jina, kwani swali hilo huzaa hadithi. Aulize kwanza wazee walilisikia likitamkwaje utotoni mwao, kisha msasa uliota wapi, na mpunga ulikoma kulimwa lini.