Sikio Kabla ya Istilahi: Malumbano kama Mbinu ya Kufundisha Ushairi Chuoni

Makala haya yanahusu tatizo ambalo wahadhiri wa ushairi wanalifahamu vyema, nalo ni ukimya. Mhadhiri husoma ubeti, akauliza swali, na ukumbi mzima ukainamia madaftari. Si kwamba wanafunzi hawajui kitu. Wengi wao wamefika chuoni baada ya kupita Karatasi ya Tatu ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE, ambamo walizoea kutaja bahari, kutoa mifano ya uhuru wa mshairi na kuandika ubeti kwa lugha ya nathari. Kwao shairi ni kitu kilichochapishwa ili kiulizwe maswali. Naonelea kwamba hawatazungumza hadi shairi lirudishiwe kazi yake ya zamani ya kujibizana.

Tuanze na mizani. Mwanafunzi anayehesabu kwa macho hutatizika penye maneno kama "mbwa" na "mbuzi". Yote mawili yana mizani mbili, lakini katika la kwanza "m" husimama peke yake, ilhali katika la pili imeshikamana na irabu inayofuata kupitia "b". Sikio hulitambua jambo hili upesi kuliko jicho. Kwa hiyo vitabu vifungwe, mshororo usomwe, na darasa zima lipige kofi kwa kila silabi. Kisha mhadhiri aandike ubaoni mshororo wenye kasoro, mathalani huu nilioutunga kwa ajili ya zoezi:

Mwalimu amekuja na chaki, ubao waenda kujaa

Aulize tu kasoro iko wapi, bila kutaja istilahi yoyote. Ukwapi una mizani 10 na utao una 9, nasi tunataka nane kwa nane. Haitachukua muda kabla ya mtu kupendekeza "kaja", na mwingine "wenda":

Mwalimu kaja na chaki, ubao wenda kujaa

Hapo ndipo neno inkisari liletwe. Mwanafunzi ameshaifanya kabla ya kuambiwa inaitwaje.

Hatua ya pili ni malumbano yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika uhasama uliozunguka Vita vya Shela, washairi wa Mombasa na wa Lamu walitupiana beti kama watu watupianavyo mikuki. Muyaka bin Haji alikuwa upande wa Mombasa, na wasomaji wengi wamemjua kupitia Diwani ya Muyaka, iliyohaririwa na William Hichens na kuchapishwa mwaka wa 1940. Ukimsoma peke yake utadhani ni mtu anayejisemea. Ukikumbuka kwamba upande wa pili kulikuwa na watu waliosikia na kujibu, kila kejeli inapata shabaha.

Basi ukumbi ugawanywe pande mbili, Mvita na Amu. Upande mmoja utoe ubeti wa tarbia kuhusu jambo linalowagusa, tuseme mkopo wa masomo au maisha ya mabwenini, na upande wa pili ujibu kwa vina vilevile katika kipindi kinachofuata. Sharti la vina lisilegezwe. Ndilo humlazimisha mwanafunzi kupekua kamusi usiku bila kutumwa. Watunge wakiwa watatu watatu, na katika kila kikundi awemo mmoja asiye mzawa wa pwani, la sivyo wenye lahaja za Kimvita na Kiamu watatamba peke yao na wengine watarudi kwenye ukimya wao.

Kuna watakaosema kwamba silabasi ni ndefu na madarasa yamefurika. Pingamizi hili ni la kweli, lakini mhadhiri hahitaji kusahihisha beti zote. Vikundi vibadilishane karatasi, kila kimoja kikague mizani ya kingine, naye asome mbele ya darasa tatu au nne tu. Wafuasi wa shairi huru nao watauliza mbona tunawarudisha vijana kwenye minyororo. Nawajibu kwamba wanafunzi waliokwisha kulumbana kwa vina wapewe Kichomi cha Kezilahabi (1974) katika juma linalofuata, kisha waulizwe mshairi ameacha nini na amepata nini badala yake. Swali hilo nalo lijibiwe kwa tungo: Mvita wakitetea arudhi, Amu wakiandika bila vina.