Rangi Idumuyo Juu ya Bizimu: Somo la Chuma, Moto na Magome ya Miwati

Mkanda wa ngozi ulioshonwa vizuri waweza kutumika miaka mingi. Aghalabu kinachoufupishia maisha si ngozi yenyewe, bali kipande kidogo cha metali kilichofungwa juu yake: bizimu, pete au ribiti. Chuma hushika kutu, kutu huingia katika ngozi, na pale palipobanwa na ribiti ngozi hugeuka nyeusi, hukakamaa na hatimaye hukatika. Ikiwa ni mkoba wa mwanafunzi, hasara si kubwa. Ikiwa ni hatamu ya punda abebaye mzigo kwenye mteremko, kukatika huko kwaweza kuwa ajali.

Kwa hiyo fundi anayetia rangi vyuma vya ngozi hatafuti urembo peke yake. Anatafuta ngao. Swali lililo mbele yake ni hili: ni rangi ipi itakayobaki juu ya metali inayosuguliwa, kukunjwa na kulowa kila siku?

Mfano wa Mjimwema

Mjimwema ni kata mojawapo ya mji wa Njombe, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Mji huo uko kwenye mwinuko wa karibu meta 1,900 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa baridi na ukungu wa asubuhi huacha matone ya maji juu ya kila kipande cha chuma kilicho baridi, hata siku isiyo na mvua. Hewa, maji na chuma vikikutana, kutu haina budi kutokea.

Lakini mkoa huohuo una vitu viwili vinavyofaa kwa somo hili. Cha kwanza ni mawe ya chuma ya Liganga, wilayani Ludewa, ambayo kwa sehemu kubwa ni magnetiti, yaani oksaidi nyeusi ya chuma. Cha pili ni miwati, miti yenye asili ya Australia, ambayo ilianza kupandwa kwa wingi Njombe baada ya kampuni ya TANWAT kuanzishwa mwaka 1949. Magome ya miti hiyo yana tanini nyingi, na tanini ndiyo igeuzayo ngozi mbichi kuwa ngozi isiyooza.

Kwa nini ngozi hugeuka nyeusi

Ngozi iliyotengenezwa kwa magome hubaki na tanini na asidi kidogo ndani yake. Ngozi hiyo ikilowa, asidi huyeyusha chembe za chuma kutoka katika ribiti. Chembe hizo huungana na tanini, kisha hewa huzikamilisha kuwa taneti ya chuma, kitu cheusi kisichoyeyuka katika maji. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya walitengeneza wino wa kuandikia kwa njia hiyohiyo: walichanganya chumvi ya chuma na tanini iliyotoka katika vivimbe vya mialoni.

Shaba nayo ina kasoro yake. Bizimu la shaba ya njano halishiki kutu nyekundu, lakini likigusana na mafuta yaliyomo katika ngozi hutoa uchafu wa kijani unaofanana na nta. Uchafu huo hufutika kwa kitambaa kikavu, na hauli ngozi kama kutu ya chuma ilavyo.

Rangi itokanayo na moto

Bizimu la chuma likisuguliwa kwa msasa mpaka likang'aa, kisha likapashwa moto polepole hewani, rangi zake hufuatana kwa utaratibu. Kwenye nyuzi 230 za sentigredi hivi huwa na rangi ya majani makavu. Karibu na 255 huwa kahawia. Karibu na 280 huwa zambarau. Na karibu na 300 huwa samawati. Likizidi hapo hurudia kijivu.

Hapana rangi yoyote iliyopakwa. Oksijeni imeungana na chuma na kufanya utando wa oksaidi ambao unene wake haufiki sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Mwanga mmoja huakisiwa na uso wa juu wa utando, mwingine na uso wa chini, na miwili hiyo ikikutana baadhi ya rangi huzimana na nyingine hutiana nguvu. Unene ukibadilika, rangi nayo hubadilika. Ndivyo ilivyo pia kwa tone la mafuta juu ya dimbwi la maji.

Ili joto lienee sawasawa, fundi huweka mchanga mkavu katika sinia ya chuma juu ya jiko la mkaa na kulaza bizimu juu ya mchanga huo. Rangi itakiwayo ikitokea, bizimu huondolewa mara moja. Lingali na joto, hupakwa nta ya nyuki, nayo nta huyeyuka na kuingia katika kila upenyo. Bila nta, utando huo mwembamba hauwezi kuzuia kutu kwa muda mrefu.

Viwandani chuma hutiwa weusi mnene zaidi kwa kuchemshwa katika alkali kali. Oksaidi inayopatikana huko ni magnetiti, yaani kiwanja kilekile kilichomo katika mawe ya Liganga.

Rangi itokanayo na magome

Tanini inayoharibu ngozi kwa weusi yaweza kufanywa mlinzi, endapo weusi huo utamalizika juu ya chuma kabla hakijagusa ngozi. Wahifadhi wa vitu vya kale katika makumbusho hutumia asidi ya tanini kwa kusudi hilohilo.

Gramu 100 za magome ya miwati yaliyopondwa hutiwa katika lita moja ya maji na kuchemshwa kwa moto mdogo muda wa saa moja. Sufuria iwe ya alumini, kwani chungu cha chuma kitaanza kugeuka cheusi chenyewe. Maji huchujwa na kuongezwa kijiko kimoja cha siki. Bizimu husuguliwa kwa msasa, huoshwa kwa sabuni ili kuondoa mafuta yote, kisha hupakwa maji hayo yangali ya moto na kuachwa likauke hewani. Kazi hii hurudiwa mara tatu au nne, na katikati ya kila mpako bizimu husuguliwa taratibu kwa kitambaa. Weusi ukiisha kukolea, hupakwa nta.

Rangi inayodanganya

Bizimu la chuma likitumbukizwa katika maji ya mrututu, yaani salfeti ya shaba, hugeuka jekundu kwa dakika chache:

Fe + CuSO4 → FeSO4 + Cu

Shaba hiyo hupendeza, lakini imelala juu ya chuma bila kushikana nacho sana. Likitokea kovu moja, hatari huzidi. Chuma hutoa elektroni kwa urahisi kuliko shaba, na penye maji metali hizo mbili huwa kama betri ndogo ambayo chuma ndicho kinacholiwa. Hivyo bizimu lenye shaba iliyokwaruzika laweza kuliwa na kutu upesi kuliko bizimu tupu.

Zinki hufanya kinyume chake. Kwa kuwa hutoa elektroni kwa urahisi kuliko chuma, huliwa yenyewe na kukilinda chuma hata palipokwaruzwa. Kwa hatamu na mikanda ilowayo kila siku, bizimu la zinki au la shaba ya njano tupu hufaa kuliko rangi zote zilizoelezwa hapa. Rangi ya moto na ya magome hufaa kwa mikanda, mikoba na viatu vinavyokaushwa na kutunzwa.

Jaribio la darasani

Zahitajika misumari minne ya chuma isiyotiwa zinki. Wa kwanza uachwe mtupu; wa pili upashwe moto mpaka uwe samawati na kupakwa nta; wa tatu upakwe maji ya magome, kisha nta; wa nne utiwe katika mrututu. Palipo adimu magome, chai nzito ya rangi yaweza kutumika, ingawa weusi wake ni hafifu. Misumari yote ilazwe juu ya kipande cha ngozi iliyolowa na kuangaliwa kila siku kwa siku saba. Wanafunzi waandike rangi ya msumari na rangi ya ngozi iliyo chini yake.

Tahadhari

Kitu kilichotiwa zinki kisichomwe kamwe, kwa kuwa mvuke wake hudhuru mapafu. Mrututu ni sumu: usimwagwe mtoni, wala usitiwe katika chombo cha kulia. Nta isipashwe juu ya moto wazi, kwani hushika moto. Kazi zote za joto zimalizike kabla bizimu halijashonwa.

Maswali

1. Kwa nini utando wa oksaidi una rangi, hali oksaidi yenyewe haikupakwa rangi?
2. Eleza jinsi tanini inavyoweza kuharibu ngozi na pia kulinda chuma.
3. Tone la siki iliyolowekwa misumari limegeuza ngozi moja kuwa nyeusi, nyingine halikuigeuza. Ni ipi iliyotengenezwa kwa magome?
4. Fundi ana bizimu lenye zinki na jingine lenye shaba juu ya chuma, na yote mawili yamekwaruzika. Lipi litadumu zaidi, na kwa sababu gani?