Matairi ya Ubavu Mfupi kwa Barabara za Tanga

Rimu ya inchi 18 na tairi la ubavu mfupi hulipendezesha gari, na ukishika lami ya Tanga kwenda Segera utauona utamu wake: usukani unajibu upesi, gari halilali kwenye kona. Ila tairi huchaguliwa kwa barabara mbovu kuliko zote unazopita. Anayepanda Amani kila wiki asiingie tamaa hiyo.

Anza na namba. 225/45R18 ni upana wa milimita 225, ubavu wa asilimia 45 ya upana huo, yaani milimita 101 hivi, na rimu ya inchi 18. Gari lililokuja na 215/60R16 lilikuwa na ubavu wa milimita 129. Kimo cha gurudumu zima ni karibu kilekile, kwa hiyo spidomita haitakudanganya sana. Kilichopungua ni mpira wa kupokea kishindo. Ubavu ukibanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo, nyuzi za ndani hukatika na tairi linatoa uvimbe. Uvimbe huo hauzibiki. Fundi akikuambia unazibika, tafuta mwingine. Kwa mizunguko ya mjini mimi ningeishia 50, na 45 nimwachie asiyetoka kwenye lami.

Halafu tazama uzito na mwendo: 91V hubeba kilo 615, na hufaa hadi kilomita 240 kwa saa. Mwendo huo hutaufikisha. Uzito utaufikisha, siku utakayopandisha familia na mizigo kutoka Mombo kwenda Lushoto, basi usichukue namba iliyo chini ya ile gari lilikuja nayo.

Kwenye mtumba, meno marefu yasikuhadae. Soma tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lenye miaka zaidi ya sita mimi silinunui. Na masika yakija, tairi pana huelea juu ya maji upesi, kwa hiyo taka mifereji yenye kina.

Upepo upimwe asubuhi, gari likiwa limelala, kwa kipimo cha kibandiko cha mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kPa: 230 ni psi 33.

Kama pesa inatosha rimu tu na matairi itabidi yawe ya mtumba, baki na rimu zako za 16 na ununue matairi manne mapya.