Kutoridhika na Kipimo: Somo juu ya Vifuko vya Matiti

Amma baad. Katika mambo yaliyozuka zama hizi ni mwanamke kupasuliwa kifua na kutiwa vifuko ili matiti yake yazidi ukubwa. Jambo hili halizungumzwi barazani kwa kuwa ni la sitara. Walakini mume ndiye atakwaye shauri, na mara nyingi ndiye atoaye mali, na neno lake moja laweza kumrudisha mkewe kisuni mara ya pili. Kwa hiyo yampasa alijue kwa ilimu, si kwa uvumi.

FASILI YA KWANZA: Vifuko na kipimo chake

Kifuko cha silikoni kilitiwa katika mwili wa mwanamke kwa mara ya kwanza mwaka 1962, katika mji wa Houston, Marekani, kwa mikono ya madakitari Thomas Cronin na Frank Gerow. Ganda lake ni la silikoni, na ndani yake mna silikoni nzito kama utomvu, au maji ya chumvi. Ukubwa wake hupimwa kwa ujazo, kwa sentimita za ujazo, wala si kwa herufi za sidiria. Sentimita moja ya silikoni ina uzito wa karibu gramu moja. Basi mwenye kutiwa kifuko cha 400 huchukua kadiri ya gramu 400 killa upande, yaani ratili kasoro kidogo, usiku na mchana.

FASILI YA PILI: Sababu za kutoridhika

Wako wanaotoka kwa dakitari wakisema vimekuwa vidogo, na wako wasemao vimezidi. Sababu zake kubwa ni nne.

Ya kwanza ni kuhukumu kabla ya wakati. Wiki za mwanzo kifua huwa kimevimba, na vifuko hukaa juu. Miezi ikipita uvimbe hupungua, nyama hulegea, navyo hushuka mahali pake. Aliyefurahia ukubwa wa siku za kwanza hudhani amepunjwa, na aliyeogopa huenda akatulia.

Ya pili ni mazoea ya jicho. Kilichoonekana kikubwa mwezi wa kwanza huwa cha kawaida mwezi wa sita, na nafsi ikadai zaidi.

Ya tatu ni kutofahamiana. Mwanamke hutaja herufi ya sidiria, na viwanda vya sidiria havikupatana juu ya herufi hizo. Dakitari naye hupima upana wa kifua, ulaini wa ngozi na unene wa nyama.

Ya nne ni kutamani mwili wa mwingine. Kifuko cha 300 katika kifua chembamba si sawa na hicho hicho katika kifua kipana. Mwenye kuleta picha ya mtu hapewi mwili wa mtu huyo.

FASILI YA TATU: Khatari ya kubadilisha

Kubadilisha si kama kurudisha kanzu kwa fundi. Ni dawa ya usingizi tena, na khatari ya kutoka damu, ya kuingiwa na vidudu, na ya utando uzungukao kifuko kukaza na kuumiza. Atakaye vikubwa zaidi, ngozi yake hutanuka, nyama hupungua unene, na kifuko huweza kuteremka kupita mahali pake. Atakaye vidogo, ngozi iliyokwisha kutanuka huweza kubaki imelegea, ikahitaji kukatwa tena ili iinuliwe. Na mwezi wa Oktoba 2021 idara ya serikali ya Marekani isimamiayo vyakula na dawa ililazimisha onyo litiwe pamoja na vifuko hivi: kwamba si vya kudumu umri mzima, na kwamba kadiri vikaavyo ndivyo madhara yanavyozidi kukaribia.

FASILI YA NNE: Hukumu na adabu

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanywa Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilipambanua mambo mawili. Kuondoa aibu au madhara, kama kulijenga titi lililokatwa kwa maradhi, kunajuzu. Amma kugeuza umbo lililo sawa kwa kufuata matamanio tu, hakujuzu. Basi suali la kwanza ni haja, kabla ya kipimo.

Penye haja, kipimo na kijaribiwe kabla ya kisu. Hutiwa mchele katika kifuko cha nguo laini kwa ujazo uliotajwa na dakitari, kikavaliwa ndani ya sidiria siku kadha wa kadha, nyumbani na kazini. Ni rahisi kumwaga mchele kuliko kushona ngozi.

Baada ya kupasuliwa, madakitari wengi hutaka mgonjwa angoje miezi sita au zaidi kabla ya kushauriana juu ya ukubwa. Walakini homa, maumivu yazidiyo, au upande mmoja kuvimba ghafula, hayo hayangojewi. Na aende kwa dakitari siku ile ile.

Na mume na auzuie ulimi wake. Chukua mfano wa mtu aliyemwambia mkewe wiki ya tatu, naye bado amefungwa vitambaa: "Mimi nalidhani yatakuwa makubwa kuliko haya." Yeye amesahau neno lake kabla ya alasiri. Mke hulichukua neno lile mbele ya kioo killa asubuhi, hatta likamtia njiani kwenda kupasuliwa tena, na kovu likawa lake peke yake. Angalimwambia, "Alhamdulillahi kwa usalama wako," ingalitosha.

Wallahu aalam.