Punguzo la Chumba au Chakula cha Bure? Somo kwa Vikundi Vinavyopanga Safari



Kila mwaka masika yanapokaribia, wageni wa ng'ambo hupungua hapa Pwani ya Kusini, na hoteli huanza kuwatafuta wananchi. Hapo ndipo karatasi za matangazo na ujumbe wa simu huanza kuzunguka. Moja inasema, "Chumba, tunakupunguzia robo bei." Nyingine inasema, "Lipa chumba, mchana na usiku ule bure." Vikundi vyetu navyo hupenda kusafiri mwezi wa nne, kwa sababu shule zimefungwa na bei zimeshuka. Si vibaya hata kidogo. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima ana haki ya kupumzika, na hatuoni kwa nini raha za pwani hii ziwe za watu wa Ulaya peke yao.

Lakini pesa za safari ni pesa za kikundi. Somo letu la leo ni namna ya kupima matangazo hayo mawili kabla mweka hazina hajatoa hata senti. Tutaanza na kosa tulilolifanya sisi wenyewe, maana tulilipia karo yake.

Kosa letu

Kuna kikundi cha akina mama upande wa Msambweni, watu 20, ambao hukodisha viti na maturubai kwa harusi na matanga. Waliweka kando shilingi 100 kila mmoja kwa wiki mpaka wakapata pesa za kwenda Mombasa na kulala huko usiku mbili. Walitaka kuona Fort Jesus, Mji wa Kale na Haller Park. Wengi wao wameshavuka Likoni mara nyingi wakienda hospitali au soko la Kongowea, lakini kulala Mombasa bila mgonjwa na bila mzigo, hilo lilikuwa jambo jipya.

Haller Park, kwa wasiopajua, iko Bamburi. Ni machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji. Mwaka 1971 Rene Haller alianza kupanda miti katika mawe yale matupu, na leo kuna msitu, twiga, viboko na kobe wakubwa. Hapo ndipo alipoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyepoteza wenzake wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akamganda kobe mmoja mkongwe aitwaye Mzee kana kwamba ni mama yake. Kikundi chenye kitalu cha miche kitarudi na mengi kutoka pale. Haya, turudi kwenye hesabu.

Nyumba ya wageni waliyoipata ilikuwa na vyumba vya watu wawili wawili, shilingi 3,000 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi. (Bei tumezifanya namba kamili ili hesabu iwe nyepesi.) Vyumba 10, usiku mbili, ni shilingi 60,000. Meneja akawapa njia mbili. Ya kwanza: anapunguza robo, walipe 45,000, chakula wajitafutie. Ya pili: walipe 60,000 zote, na wapewe chakula cha mchana na cha usiku bure, siku ya kufika na siku ya pili yake.

Waliomba ushauri wetu. Tukachukua chaki. Kwenye karatasi ya bei ya ile nyumba, sahani moja ilikuwa shilingi 600. Watu 20 mara milo minne ni sahani 80. Sahani 80 mara 600 ni shilingi 48,000! Na punguzo la chumba ni 15,000 tu. Tukasema, hapa hakuna haja ya mjadala, chukueni chakula.

Mweka hazina, mama mmoja anayeuza mahamri, aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, na huo mchana sisi tutakuwa wapi?" Tukamwambia hilo si neno, litapangwa. Halikupangwa.

Siku ya kwanza matatu ya kukodi ilikaa kwenye foleni ya feri Likoni mpaka watu wakachoka. Wakafika saa kumi, na jikoni walikuwa wamefunga chakula cha mchana tangu saa nane. Walikuwa wamekula viazi karai pale Likoni, kwa pesa zao. Siku ya pili saa sita walikuwa Bamburi wakiwaangalia twiga. Kurudi kula na kwenda tena ingekuwa kupoteza nusu siku na mafuta ya gari. Wakanunua wali na samaki kwenye mkahawa, shilingi 200 sahani. Kwa hiyo katika zile sahani 80 za bure, walikula 40, za usiku tu.

Sahani za kufidia

Tulipokaa tena na kikundi, yule mweka hazina ndiye aliyeshika chaki. Tunaiandika hesabu yake hapa kama alivyoifanya.

Kwanza aliifuta ile 600. Alisema hakuna mtu katika kikundi chao anayenunua sahani ya 600, nyumbani wala safarini. Kama chakula kisingekuwa cha bure wangekula mkahawani kwa 200. Basi kwao sahani ya bure ina thamani ya 200, hata kama karatasi ya hoteli imeandikwa elfu. Hapo ndipo wengi hunaswa: tunahesabu zawadi kwa bei ya anayeitoa badala ya bei ambayo sisi tungelipa.

Kisha akachukua lile punguzo waliloliacha, 15,000, akaligawanya kwa 200. Jibu ni 75. Hizo akaziita sahani za kufidia. Maana yake, ili chakula cha bure kilingane na punguzo, kikundi lazima kile sahani 75. Wakila chini ya hapo wamepata hasara. Zikizidi, wamepata faida. Zote zilikuwa 80, kwa hiyo hata kama kila mtu angekula kila mlo bila kukosa, faida ingekuwa sahani tano, shilingi 1,000. Wao walikula 40. Mara 200 ni 8,000. Waliacha 15,000 wakapata 8,000. Hasara ni 7,000, yaani shilingi 350 kwa kila mama, zaidi ya wiki tatu za mchango. Na aliyewashauri ni sisi.

Msifikiri sasa kwamba punguzo la chumba ndilo zuri siku zote. Hapana. Punguzo hufuata kitanda, chakula hufuata mdomo. Chukueni baba na mama na watoto watatu wenye kula vizuri, wote chumba kimoja cha 3,000, usiku mbili. Robo ya 6,000 ni 1,500 tu. Lakini midomo mitano mara milo minne ni sahani 20, na kwa shilingi 200 ni 4,000. Sahani zao za kufidia ni saba na nusu. Watazimaliza siku ya kwanza usiku kabla watoto hawajaomba kuongezewa mara ya pili. Hao wachukue chakula, mradi tu wameuliza kama watoto wamo kwenye mpango ule, maana pengine "bure" ni ya wakubwa wawili wa chumba na watoto hulipiwa.

Vilevile angalieni mnakwenda kufanya nini. Semina ya siku tatu ambapo watu hawatoki ndani ya ua ni tofauti kabisa na safari ya kutembea. Wanaoshinda ndani watakula kila sahani.

Na Ramadhani je? Katika vikundi vyetu vya Kwale, Waislamu na Wakristo wamo pamoja, na hili husahauliwa sana. Mwaka 2022, kwa mfano, Ramadhani ilichukua karibu Aprili yote, wakati ule ule wa bei za chini. Kama katika watu 20 kuna 12 waliofunga, sahani 24 za mchana zimekwenda bure. Zinabaki 56, na hazifiki 75. Msafiri ana ruhusa ya kufungua, lakini akina mama wengi hawapendi kubaki na deni la kulipa baadaye. Ulizeni kama sahani ya mchana inaweza kubadilishwa iwe daku, na kama futari itakuwa mezani jua linapotua badala ya kungoja saa mbili. Na nyama ni halali? Wakatoliki nao wakumbuke Ijumaa za Kwaresima.

Kwa nini wanatoa

Kitanda kilicholala wazi usiku wa leo hakiwezi kuuzwa tena kesho. Ndiyo maana wenye hoteli hupunguza bei. Diani tumeyaona hayo kwa uchungu: baada ya fujo za Likoni Agosti 1997, tena mwaka 2014 serikali za nje zilipowaonya watu wao wasije pwani yetu, tena 2020 kwa korona. Lakini mwenye hoteli anajua kwamba bei ya chumba ikishashuka ni vigumu kuipandisha, wageni huizoea. Basi huona heri aiache bei juu na kuongeza sahani, maana sahani ya 600 haimgharimu yeye 600 kuipika.

Wala si huku kwetu tu. Walt Disney World, ile bustani kubwa ya michezo huko Florida, Marekani, ilianza mwaka 2005 kutoa chakula cha bure kwa wanaolala katika hoteli zake nyakati za wageni wachache. Sharti likawa chumba kilipiwe bei kamili. Familia za huko nazo hukaa mezani na kalamu wakipima hili na lile, kama yule mama wa mahamri.

Kwa hiyo msiogope kujadiliana. Njia mbili alizotaja meneja si amri. Kikundi kile kingeweza kuomba punguzo dogo pamoja na chakula cha usiku pekee. Au kingeomba kile cha mchana kifungwe asubuhi, wakale chini ya miti kule Bamburi. Hili la kufungiwa hoteli nyingi hulikubali zikiambiwa jana yake, na hatukulikumbuka! Ulizeni maji na soda ni za nani. Ulizeni kama bei iliyotajwa ina kodi ya VAT, asilimia 16, na tozo ya utalii, asilimia 2, ndani yake. Kwa nyumba inayotoza vyote viwili na haikuviweka kwenye bei, 60,000 yenu itakuwa 70,800 siku ya kulipa. Yote yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu, kabla ya kutuma pesa ya kushikia vyumba.

Na sisi tunaouza?

Wengine kati yenu hamsafiri, mnauza. Mna kibanda Ukunda au kando ya barabara ya Diani, au mnapeleka madafu na samaki. Kwenu swali hili lina upande wa pili.

Mgeni aliyepewa punguzo la chumba saa sita ana njaa na ana pesa mfukoni. Atatoka. Mgeni wa bangili, yule aliyefungwa plastiki mkononi kuonyesha kwamba kila kitu amekwisha kulipia ndani, hatoki kwa sababu ya njaa. Ukimwuzia wali atakuonyesha bangili. Lakini hata yeye huchoka na ua wa hoteli, na akitoka anatafuta kile ambacho ndani hakipo. Wazee wa Kaya Kinondo hawamwuzii chakula, wanamtembeza msituni. Akina mama wa Wasini wana njia yao ya mbao juu ya bustani ya matumbawe, na mgeni hulipa kiingilio. Tena chakula cha "bure" hakishuki kutoka mbinguni: jikoni lazima wanunue nazi, mayai, mchicha na maembe, na zaidi kuliko hoteli inayotoa chumba tu. Kabla ya kugombana na lango la mbele, kikundi kijue hoteli jirani imetoa ofa gani msimu huu, kisha kiende mlango wa nyuma na kuuliza jikoni wanahitaji nini, kilo ngapi, na hulipa baada ya siku ngapi. Swali hilo la mwisho liulizeni mara mbili.

Kazi ya kikao kijacho

Kikundi cha watu 16 kinakwenda Diani kulala usiku moja, watu wawili chumba kimoja, shilingi 4,000 kwa chumba. Hoteli inatoa ama punguzo la robo, ama chakula cha mchana na cha usiku bure kwa wote. Sahani nje ni 250. Tafuteni sahani za kufidia. Kisha jadilini: wakitaka kwenda Kaya Kinondo mchana ule, mtawashauri nini? Na kama kikundi chenu ndicho kinachouza zile sahani za 250 nje ya lango, mngetamani wachague ipi?