Kuchunguza Mafundo ya Neva ya Kome: Mwongozo kwa Mafundi wa Maabara

Kome hana ubongo. Ana jozi tatu za mafundo ya neva, na kazi ya fundi wa tishu huanza kwa kuyatofautisha. Kwa kome wa buluu, Mytilus edulis, wa pwani za Atlantiki ya Kaskazini, jozi ya kwanza iko kandokando ya kinywa, ya pili kwenye shina la mguu, na ya tatu kwenye upande wa chini wa msuli wa nyuma unaofunga ganda. Mafundo mawili ya kinywani yameunganishwa kwa utepe wa neva unaopita juu ya umio.

Fundi mgeni aanze na jozi ya tatu, kwa kuwa ndiyo rahisi kuonekana: umanjano wake hujitenga na weupe wa msuli. Kome alegezwe kwanza katika mmumunyo wa magnesi kloraidi. Ganda lisikwanyuliwe, kisu kipite karibu kabisa na ganda lenyewe, la sivyo msuli hukatika katikati na mafundo huchanika.

Chini ya hadubini, kila fundo lina ala ya tishu unganishi kwa nje, kisha tabaka la miili ya seli za neva, na katikati msukano wa nyuzi ambamo viini vya seli ni vichache, vingi vikiwa vya seli za glia. Kwa hematoksilini na eosini, tabaka la seli hujaa viini vya buluu, na kitovu huwa waridi. Nyuzi hizo hazina mayelini, hivyo rangi zinazotegemea mayelini ni gharama ya bure.

Penye kuhitaji uangalifu zaidi ni seli zinazotoa homoni. Wingi wa chembechembe ndani yake hubadilika kufuatana na majira ya kuzaa. Kome wawili wa mwamba mmoja, mmoja akiwa amejaa mayai na mwingine amekwisha kuyamwaga, wanaweza kutoa mikato isiyofanana, na msomaji asiyejua akadhani ni ugonjwa. Kwa hiyo tarehe ya kuokota, jinsia na hali ya uzazi huandikwa siku ileile, kabla ya kichupa cha sampuli kufungwa.

Formalini inayohifadhi sampuli hizo haizoeleki, ingawa wakongwe wa maabara hujidai wameizoea. Mtumishi ana haki ya glavu na kabati la kuvuta mvuke. Sheria za usalama na afya mahali pa kazi, ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007, zinamwajibisha mwajiri. Naye mtumishi anawajibika kuvitumia vifaa hivyo.

Mkato uliochanika uripotiwe kuwa umechanika, na picha yake isisafishwe kwa kompyuta. Usio na tarehe wala alama ya fundo ulikotoka usiingizwe kwenye ripoti.