Chai ya Viungo: Somo Kutoka Dadaab

Katika nchi kavu ya Garissa, ambako mvua ni chache na jua huwaka mchana kutwa, mgeni afikapo nyumbani kwa mtu haulizwi mengi kabla hajamiminiwa chai. Wasomali huiita shaah. Aghalabu huwa chai ya rangi, yaani isiyotiwa maziwa, nayo hupikwa pamoja na iliki, mdalasini, karafuu na tangawizi. Huko Dadaab, kilomita 100 hivi kutoka mji wa Garissa, harufu yake husikika alfajiri katika masoko ya Ifo, Dagahaley na Hagadera, hata kabla ya maduka kufunguliwa.

Kambi hizo tatu zilianzishwa katika miaka ya 1991 na 1992, baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka nchini Somalia mwezi wa Januari 1991 na watu wengi kuikimbia vita. Zilikusudiwa watu 90,000. Walakini wakati wa ukame wa mwaka 2011 wakimbizi walizidi 450,000. Watu hao waliacha nyuma yao nyumba, mashamba na mifugo. Namna yao ya kupika chai hawakuiacha, maana haikuhitaji ngamia wa kuibeba.

Kikombe cha chai ni kitu cha kawaida mno, hata watu hawakifikirii. Lakini ndani yake mna mambo matatu makubwa: fedha ya mpishi, kuni za nyumba, na afya ya watoto. Mtu akijua majani yalivyo na viungo vilivyo, ataupata utamu wote wa chai pasipo kuipata hasara yake. Hilo ndilo somo la leo.

MAJANI HUTOKA WAPI?

Chai yote ya kweli, iwe nyeusi au ya kijani, hutoka katika mmea mmoja, ambao wataalamu huuita Camellia sinensis. Mmea huu hauwezi kustawi katika nchi kama Dadaab. Hupenda milima yenye baridi kidogo, mvua ya mara kwa mara, na udongo wenye uchachu. Katika Kenya ulipandwa kwanza huko Limuru mwaka 1903, na katika miaka ya 1920 mashamba makubwa yalifunguliwa Kericho. Mwaka 1964 iliundwa halmashauri iitwayo KTDA ili kuwasaidia wakulima wadogo. Baadaye, mwaka 2000, ikageuzwa kuwa kampuni ya wakulima wenyewe. Mnada wa chai, ulioanzishwa Nairobi mwaka 1956, ulihamishiwa Mombasa mwaka 1969. Leo Kenya imo katika nchi zinazouza chai nyeusi nyingi kuliko zote duniani.

Mchumaji huchuma kichipukizi na majani mawili machanga yaliyo karibu nacho. Majani hayo huanikwa mpaka yalegee, kisha husagwa katika mashine yakawa chembe ndogo. Halafu huachwa yapate hewa. Hapo ndipo rangi ya kijani inapogeuka kuwa ya shaba, na ile harufu iliyo maarufu inapozaliwa. Mwisho hukaushwa kwa moto, yakawa meusi. Kilo nne hadi tano za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu.

Kutokana na kazi hiyo yapasa kukumbuka mambo mawili. La kwanza, chembe ndogo hutoa rangi na nguvu yake upesi sana katika maji ya moto; hazihitaji kuchemshwa kwa muda mrefu. La pili, majani makavu hunyonya harufu ya kila kitu kilicho karibu nayo. Majani yakiwekwa dukani kando ya sabuni au mafuta ya taa, mnunuzi atakunywa sabuni au mafuta ya taa. Basi yahifadhiwe katika kopo kavu lenye kifuniko, mbali na vitu vyenye harufu kali.

VIUNGO VINNE

Viungo hivi havimei Dadaab, wala havikufika kwa Wasomali kwa bahati tu. Kwa karne nyingi majahazi yalisafiri kwa pepo za kaskazi na kusi kati ya India, Arabuni na pwani ya Afrika, yakitia nanga Mogadishu, Marka na Barawa kama yalivyotia nanga Lamu, Mombasa na Unguja. Ndiyo sababu vikombe vya pwani yote vinafanana, na hata maneno yanafanana: Mswahili asema karafuu, na Msomali naye analo neno qaranful, yote mawili kutoka Kiarabu.

Iliki ni tunda dogo la mmea wa jamii moja na tangawizi. Asili yake ni milima ya kusini ya India, nayo hulimwa pia katika milima ya Usambara huko Tanzania. Iliki njema ina ganda la kijani lililofungika, na mbegu zake ni nyeusi, tena zenye kunata kidogo. Ganda likiwa jeupe na kupasuka, harufu imekwisha kutoroka.

Karafuu ni tumba la ua lililokaushwa kabla halijachanua. Lilitoka visiwa vya Maluku, na katika karne ya 19 likawa utajiri wa Unguja na Pemba. Tufani ya mwaka 1872 iliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kuu. Karafuu njema ina kichwa chake, na ukiibana kwa ukucha hutoa mafuta.

Mdalasini ni ganda la ndani la mti. Ule wa Sri Lanka ni mwembamba, wenye tabaka nyingi zilizokunjwa pamoja kama karatasi, na huvunjika upesi. Uko mwingine ulio mnene na mgumu, wenye tabaka moja. Huo una ladha kali zaidi, na haifai kuutia kwa wingi kila siku, kwa sababu una kitu kiitwacho kumarini, ambacho kikizidi chaweza kuliumiza ini.

Tangawizi ni tunguu liotalo chini ya ardhi. Likiwa bichi huleta ukali ulio safi. Likiwa kavu ukali wake huongezeka.

Harufu ya viungo vyote hivi imo katika mafuta mepesi yanayoruka pamoja na mvuke. Kwa hiyo ni afadhali kununua viungo vizima na kuvitwanga siku ile ile, kuliko kununua unga. Unga hupoteza harufu upesi, tena ni rahisi kwa mfanya biashara asiye mwaminifu kuuchanganya na kitu kingine. Na sufuria isiyofunikwa huipa hewa kile ambacho mpishi amekinunua kwa fedha yake.

NAMNA YA KUIPIKA

Kwa vikombe vinne, chukua maji lita moja. Ponda iliki sita, karafuu nne, kijiti cha mdalasini chenye urefu wa kidole, na kipande cha tangawizi kama ncha ya kidole gumba. Tia viungo katika maji yangali baridi, funika sufuria, ukachemshe. Yakisha kuchemka, punguza moto na uache kwa dakika tano. Hapo ndipo utie vijiko viwili vidogo vya majani. Ngoja dakika mbili au tatu, epua, kisha chuja.

Wengi hutia majani mwanzo na kuyachemsha pamoja na viungo kwa muda mrefu, wakidhani kwamba hivyo chai itakuwa na nguvu. Kumbe kinachozidi si utamu bali ni tanini, yaani ule uchungu unaokausha ulimi. Kisha sukari nyingi hutiwa ili kuuficha. Hivyo mpishi hutumia kuni za bure, majani ya bure na sukari ya bure, na kikombe hakikuwa kizuri zaidi.

MAJI NA KUNI

Maji ya Dadaab hutoka katika visima virefu vilivyochimbwa mpaka kwenye maji ya chini ya ardhi yajulikanayo kama Merti. Hutiwa dawa, lakini yaweza kuchafuka njiani, katika ndoo na madumu. Kambi hizo zimepatwa na kipindupindu zaidi ya mara moja, mathalani mwishoni mwa mwaka 2015 na tena mwaka 2022. Maji yaliyochemka sawasawa kwa dakika moja huwa yamekufa vijidudu vya maradhi hayo. Basi chai iliyopikwa vizuri ni kinywaji salama, ila kikombe nacho kiwe safi. Kikombe kilichosuuzwa katika karai moja na vikombe ishirini vingine huyarudisha maradhi yale yale ambayo moto umeyaua. Maziwa ya ngamia nayo, kwa mwenye kutaka kuyatia, yachemshwe kwanza, maana maziwa mabichi yaweza kuleta homa itokayo kwa mifugo.

Mfikirie sasa mwanamke auzaye chai sokoni. Huamka usiku, hukoka moto, na huuza kikombe kimoja kimoja. Faida yake haitoki katika kikombe, bali katika kile alichokiokoa alipokuwa akikipika. Kuni kwake si jambo dogo. Katika miaka ya 1990 wanawake wengi wa Dadaab walishambuliwa na kunajisiwa na majambazi walipokwenda porini kutafuta kuni, na ndiyo sababu mwaka 1998 ulianzishwa mpango wa kuwagawia kuni kambini. Kila mzigo wa kuni uliookolewa ni safari moja ya porini iliyoepukwa, na miti ya Garissa iliyosalia. Basi kuni zipasuliwe nyembamba na kukaushwa, moto uwekwe ndani ya jiko lililokingwa na upepo, sufuria ifunikwe, na chai ikiiva imiminwe katika chupa ya kuhifadhia moto, badala ya kuachwa juu ya makaa tangu asubuhi hadi adhuhuri. Haba na haba hujaza kibaba.

CHAI NA DAMU YA MTOTO

Hapa ndipo penye jambo lililo zito kuliko yote. Katika nyumba nyingi mtoto mdogo hupewa asubuhi anjera pamoja na chai, hasa wakati wa ukame, maziwa yakiwa hayapatikani. Ndivyo ilivyokuwa katika ukame mrefu wa miaka ya 2020 hadi 2023, mifugo mingi ilipokufa. Mama hafanyi hivyo kwa uzembe; ampa mtoto kile alicho nacho, na chai tamu humnyamazisha mwenye njaa.

Lakini tanini ya chai hushikamana na madini ya chuma yaliyomo katika nafaka, maharagwe na mboga, na kuyazuia yasiingie mwilini. Madini hayo ndiyo yatengenezayo damu. Mtoto akinywa chai pamoja na chakula chake kila siku, yaweza kutokea kwamba anakula na bado damu yake inapungua: kucha na midomo hupauka, huchoka upesi, na huchelewa kujifunza. Mama mjamzito naye yumo katika hatari hiyo hiyo, na upungufu wa damu wakati wa kujifungua waweza kumwua.

Dawa yake haihitaji fedha. Mtoto mdogo asipewe chai. Apewe maji safi, au maziwa yaliyochemshwa yakipatikana. Mama mjamzito na watu wengine wale kwanza, kisha wangoje saa moja au mbili ndipo wanywe chai. Ndimu ikipatikana, ikamuliwe juu ya chakula, kwa kuwa husaidia mwili kuyapokea madini hayo. Tena viungo havibadili jambo hili: chai yenye iliki ni chai vile vile.

SUKARI NA MOTO

Sukari nayo ihesabiwe. Kijiko kidogo kimoja ni kiasi cha gramu nne. Mtu anywaye vikombe vinne kwa siku, kila kimoja na vijiko vinne, amekula gramu 64. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba mtu mzima asizidi gramu 50 hivi kwa siku, na ikiwezekana aishie kwenye 25. Iliki na mdalasini huifanya chai ionekane tamu hata sukari ikiwa kidogo. Basi apunguzaye kijiko kimoja kila juma hatasikia tofauti kubwa.

Mwisho, chai isinywewe ikiwa ya moto mno. Wataalamu walitangaza mwaka 2016 kwamba vinywaji vilivyo zaidi ya nyuzi 65 za sentigredi huenda vikasababisha saratani ya umio. Kungoja dakika chache si kazi, na Wasomali wana la kufanya wakati huo: ndipo habari za safari, za mvua na za jamaa walio mbali zinaposimuliwa. Hilo ndilo lililoifanya chai ipendwe Dadaab tangu mwanzo, nalo halina gharama.

MASWALI KWA WASOMAO PAMOJA

1. Kwa nini majani hutiwa mwisho na viungo mwanzo?
2. Mnunuzi atajuaje iliki iliyopoteza harufu?
3. Kuni zaweza kuokolewa kwa njia gani nne?
4. Mama mjamzito anywe chai wakati gani, na kwa sababu gani?